Vijumba Mia Nane na Arubaini na Moja

Ni mimi niliyembandikia.
Mimi Shaame, wakala wa pesa, kibanda cha buluu,
ukitoka Chachani kwenda sokoni, Chake.
Nikamwambia: Bi Mize, hii ni QR kodi.
Akauvuta mkono kama aliyegusa chungu cha moto.
"Kodi? Ya baraza la mji nshalipa,
risiti nnayo, nimeifunga pindoni."

Nikacheka, nikamweleza
kwamba siku hizi kila kitu kina kiraka chake
cha weusi na weupe:
tiketi ya boti pale Mkoani,
gunia la karafuu likishapimwa,
boksi la dawa ya sukari, cheti cha chuo cha mjukuu wake,
hata msikitini, ubavuni mwa kasha la sadaka.
Mteja huelekeza simu, jina likatokea, pesa zikaingia.
"Na anayekopa?"
Hapo sikuwa na jibu.
Msimbo haujui *ntakulipa Jumamosi*.
Akaliweka daftari lake chini ya kiti,
karatasi yangu kwenye mlango,
biashara ikenda kwa vyote viwili.

Mkesha wa Idi aliuza mikeka saba na misala miwili.
Simu yake kimya.
Kila mteja alimwonyesha kioo: "Imekwenda, bibi."
Ilikwenda, kweli.
Mtu alikuja usiku na gundi,
akabandika karatasi yake juu ya karatasi yetu,
pembe kwa pembe, sawasawa.
Ukucha wangu ndio uliofichua.
Chini, jina la Mize.
Juu, jina la mtu wa namba isiyopokelewa.

Mimi sikulala.
Yeye alilala, akaamka na swali:
"Kila kijumba, Shaame, ni cheusi au cheupe tu?
Hakuna cha katikati?"
Hakuna, bibi.
"Basi huo ni ukili."

Alihesabu kwa miwani ya kuazima:
ishirini na tisa kwenda, ishirini na tisa kushuka.
Miyaa nusu akaichemsha kwa rangi nyeusi,
nusu akaianika mpaka jua likaimaliza.
"Ila msuko wangu huenda mshazari," akanambia,
"wako umesimama wima."
Haidhuru, nikasema. Simu haina kibla.
Hutafuta macho matatu tu;
pembe ya nne, iliyo kipofu,
ndiyo inayoionyesha juu ni wapi.

Siku kumi na tisa.
Alikosea chane tano, labda sita.
Niliziona, nikanyamaza.
Nikaelekeza simu. Ikasita, ikafikiri.
LIPA KWA: MIZE KOMBO FAKI.
"Mbona imesoma, na mie nimekosea?"
Kumbe alijua.
Nikamweleza: umeundwa hivyo,
palipoharibika hujazwa na palipobaki.
"Kumbe husamehe," akasema,
akalivuta daftari chini ya kiti
akakata majina mawili.

Mkeka ule ulikaa mlangoni hadi mwezi wa tatu.
Mwalimu mmoja wa Kiwani akaung'ang'ania,
akapanda bei mara tatu, akauziwa.
Nikamkemea: bibi, umeuza jina lako!
"Ntasuka mwengine. Jina halimaliziki."

Juzi, saa nane za usiku, akanipigia.
"Shaame, nani kanitumia mia tano saa hizi?"
Namba ilikuwa ya Kiwani.
Asubuhi mwalimu akaeleza, sauti imejaa haya:
mtoto alikuwa na homa, hapati usingizi,
wamemlaza mkekani kwenye ubaridi wa sakafu
na simu ya babake mkononi, achezee.
Namba ya siri? Nyumba nzima waijua.

Mie nilidhani atairudisha ile mia tano.
Aliituma elfu mbili,
kisha akanikalia pale kibandani, kiti changu mwenyewe,
mpaka nikamwandikia ujumbe,
neno kwa neno, alivyotaka:
*Homa imeshuka?*