Arobaini kwa Mara Moja

Daftari la Tauno lilikuwa na jalada jeusi la mpira,
penseli imefungwa kwa uzi wa kuvulia samaki,
na ukurasa wa kwanza, kwa herufi zilizolala chali kama zimechoka:
"Usizime kitu ambacho hujakiuliza kama kina kazi."

Miaka kumi na minane alikizunguka kiwanda hiki
kilichokuwa cha karatasi kabla hakijawa cha hesabu,
kompyuta elfu mbili na mia nne, safu kwa safu,
akizizima na kuziwasha kwa mkono, usiku,
kila viraka vya usalama vilipofika kutoka huko vinakotoka.
Aliitoa moja kwenye foleni. Akasubiri.
Kazi ya mtu wa Turku anayepima theluji, imalizike.
Kazi ya binti wa Oulu na protini zake, imalizike.
Kisha kitufe. Kisha kiganja juu ya mlango wa bati,
kuzisikiliza feni zikirudisha pumzi.
Kisha tiki.
Inayofuata.

Alipostaafu nilirithi daftari, sikurithi mgongo.
Nikaandika programu.
Usiku kumi na mmoja nilimhamisha Tauno, tiki kwa tiki,
kutoka kwenye penseli kuingia kwenye amri:
ikiwa ina kazi, ngoja;
ikiwa haina, ifungie foleni, izime, iwashe,
ihesabu kumbukumbu yake, ziulize diski zake majina;
ikijibu vizuri, irudishe kwa wenzake;
zikishindwa tatu mfululizo, simama,
usijitie ushujaa, niamshe.

Pembeni mwa ukurasa wa thelathini palikuwa na mstari
uliokolezwa mpaka karatasi ikatoboka:
"Si zaidi ya arobaini kwa mara moja. Kamwe."
Bila sababu. Nikauandika hivyo hivyo,
kama unavyomeza dawa kwa kumwamini aliyekupa.

Januari, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
kikaja kiraka cha dharura. Jalmari, kijana wa akili nyingi na miguu isiyotulia,
akapiga hesabu ubaoni:
arobaini arobaini, tutamaliza Jumapili;
mia tatu mia tatu, leo tunakula nyumbani.
"Foleni inaruhusu," akasema. "Umeme unaruhusu.
Nionyeshe kinachokataa."
Sikuwa na cha kumwonyesha ila tundu la penseli.

Nikampigia Tauno. Alikuwa ziwani anatoboa barafu,
nilisikia keekee ikisaga.
"Arobaini," nikasema. "Kwa nini arobaini?"
Keekee ikanyamaza.
"Maji yanayopoza mashine yanakwenda wapi, Hilkka?"

Kila mtu hapa anajua yanakokwenda, na hakuna anayekumbuka.
Yanatoka kwetu na joto la hesabu za watu,
yanapita chini ya barabara, yanapanda kuta za nyumba,
shule, bwawa la kuogelea, na mwisho kabisa wa bomba,
Mtaa wa Kinu, nyumba namba tisa.
"Mwaka wangu wa pili nilizima sitini," akasema.
"Lempi Karvonen alilala na koti na kofia.
Hakulalamika. Alikuja asubuhi kuuliza
kama sisi huku tu wazima."

Lempi alizikwa miaka saba iliyopita.
Nikamwambia hivyo, si kwa ubishi.
"Basi kuna mwingine," akajibu, na keekee ikaanza tena.

Jalmari alifuta ubao kwa kiwiko, bila neno.
Tukaiachia programu. Arobaini zikazimika,
arobaini zikaamka, zikahesabiwa, zikarudi.
Saa nane usiku nilitoka, nikapita Mtaa wa Kinu.
Namba tisa taa ilikuwa inawaka. Dirishani, juu ya bomba la joto,
soksi za mtoto mchanga zimetandazwa zikauke,
jozi sita, na moja isiyo na mwenzake.

Jumapili jioni mashine ya mwisho iliitikia jina lake.
Niliifungua programu mara moja zaidi,
na kwenye mstari wa arobaini nikaongeza maelezo
ambayo kompyuta huyaruka bila kuyasoma:
"Bi Lempi. Na mwingine."