Mgongo wa Picha

Wengine wanazijua picha za Kavata kwa uso.
Mimi fundi wa fremu nazijua kwa mgongo:
mbao za saiprasi nilizozikata pembe,
misumari midogo iliyouma turubai,
na kona ya chini, kwa penseli, hesabu yangu:
Fremu moja. Elfu mbili. Atalipa.

Chumba chake kiko Kariobangi, juu ya duka la vipuri,
ghorofa ya tatu, ngazi hazina taa.
Unapanda ukifuata pua:
kwanza grisi, halafu chapati za Mama Adhiambo,
halafu tapentaini, basi umefika.
Mwenye nyumba alimwuliza siku moja,
"Unapika nini humu kisichoiva mwaka mzima?"
Akamjibu, "Bluu."

Kweli rangi ya mafuta haina haraka.
Huipepei kama jiko.
Juu inashika ngozi, ndani bado mbichi,
kama mtu aliyesema amesamehe.
Kavata huigusa kwa kidole cha mwisho, hunusa,
hurudi kwenye kigoda chake, hungoja.

Akingoja, anaokota.
Gikomba anajulikana: yule dada wa zipu mbovu.
Kamukunji wanamwekea vipande vya mabati,
vile vyenye kutu ya rangi ya chai.
Majirani wanampa risiti za tokeni za stima,
tarakimu ishirini, tarakimu ishirini,
anazibandika mstari chini ya mstari
mpaka mvua inanyesha juu ya Dandora
na kila tone limelipiwa.

Mwezi wa tatu alizika baba.
Mwezi wa nne akaniletea ovaroli,
ya kiwanda cha blanketi, miaka thelathini na moja,
haijafuliwa.
Aliilaza juu ya ubao, akaipaka gundi,
akaishindilia kwa viganja kama anayemkanda mtu mgongo.
Juu yake kahawia, juu ya kahawia nyeusi,
na penye kifua, palipokaa beji, nukta ya njano
ndogo kuliko punje ya mtama.

Nikiwa napiga msumari wa mwisho
kidole gumba changu kikakuta kitu mfukoni.
Kigumu. Chembamba.
Nikamwita. Akapapasa.
"Ufunguo," akasema. Kisha, "Au kitana."
Akachukua wembe.
Rangi ilikuwa bado mbichi, ingepasuka vizuri tu.
Akasimama hapo, chini wanauza sukuma, mtoto analia,
akaurudisha wembe ndani ya karatasi yake.
"Mwache na mfuko wake.
Hata mama hakuwahi kuupekua."

Picha ilinunuliwa na mama mmoja wa Lavington.
Alisimama mbele yake muda mrefu, mkoba begani,
akauliza kama harufu itaisha.
"Ipi?" Kavata akamwuliza,
na hakuwa akitania.

Nililipwa jioni ile ile, noti mpya,
na chapati mbili juu.
Nikaja kukumbuka usiku, taa imezimwa:
ile hesabu sikuifuta.
Kwa hiyo huko Lavington, sebuleni,
wageni wanakunywa divai wakitazama kifua cha mzee Ndunda,
na nyuma yake, uso kwa uso na ukuta,
mwandiko wangu unaendelea kusema
Atalipa.