Chumvi

Kule Bahi, nyuma ya ghala la reli,
tulicheza kombolela kwa kopo la maziwa
lililobonyea hadi ng'ombe wa kwenye picha akabaki na pembe moja.
"Tulicheza," nasema leo, kwa kujipendelea.
Walicheza wao. Mimi nilikuwa chumvi.

Chumvi ni mtoto anayeachwa akimbie na wenzake
ili asirudi nyumbani kulia.
Akikamatwa, hajakamatwa.
Akishinda, upepo ndio umeshinda.
Walipogawana pande, Lameki huku, Chilewa kule,
kidole cha Masinga kilinipita juu ya kichwa
kama kilivyoruka herufi asiyoijua.

Cheo hicho nilipewa na dada yangu, Mbeleje.
"Huyu chumvi tu," alisema, akikaza kanga kiunoni.
Na mimi, miaka sita, meno mawili pungufu,
nilishinda kutwa nzima nikifurahia kuwa na cheo.

Ilikuwa Julai, vumbi na baridi mlango mmoja.
Masinga akaegemeza paji la uso ukutani,
akahesabu hadi hamsini bila kupitia thelathini.
Wakubwa wakatawanyika.
Mimi nikapanda tembe la mama Ndalu,
nikalala kifudifudi juu ya paa la udongo
katikati ya mlenda ulioanikwa.

Nilijificha vizuri. Hilo nalidai mpaka kesho.
Kuku alinitazama kwa jicho moja, akaamua kunyamaza.
Chini, majina yakaanza kudondoka:
"Lameki huyoo, nyuma ya pipa!"
"Chilewa huyoo, nimeona kisigino!"
"Mbeleje, toka, kanga imekusaliti!"
Kila aliyeitwa alitoka akisonya,
na mimi kule juu nikameza mate.
Kumbe mtu anaweza kumwonea wivu
aliyekamatwa.

Masinga akapangusa mikono.
"Wote. Nimemaliza."

Wote.
Nikajitafuta ndani ya neno lile, sikujiona.

Sijui nilishukaje. Nakumbuka goti likivuja damu,
mlenda kwenye nywele,
na mguu wangu ukilipiga lile kopo
likaruka, likalia kwangala kwangala hadi relini.
"Kombolelaaa!"

Kimya. Kisha kesi.

"Haihesabiki," alisema Masinga. "Huyo chumvi."
"Inahesabika!" Lameki alikuwa amesimama tayari.
"Mguu wake si mguu? Kopo si limeruka?"
"Huyu ni mtu kamili!" akapaza Chilewa,
aliyenifukuza jana yake kama mbuzi shambani.
Hata Mbeleje aliapa haki ya Mungu
kwamba nilikuwemo tangu mwanzo.
Sikuwa mjinga. Nilijua wanatetea uhuru wao.
Lakini mwenye kiu haulizi
maji yamechotwa na nani.

"Haya," akasema Masinga, "kama ni mtu, anaitwa nani?"
Lameki akamtazama Chilewa.
Chilewa akatazama kopo.
Miezi yote ile.
Mbeleje akafungua mdomo, treni ya mizigo ikapita,
mabehewa thelathini na mawili, niliyahesabu yote,
na lilipopita la mwisho mama zetu walikuwa wanaita ugali.

Kesho yake nilijificha vibaya, kwa makusudi,
nyuma ya toroli la muuza maji:
kisigino nje, kiwiko nje, pumzi nje.
Masinga akaja. Kivuli chake
kikasimama juu ya kisigino changu,
kikakaa pale muda mrefu,
kama mtu anayetafuta kitu mdomoni mwake mwenyewe.
Nikafumba macho.

"Ya..." alianza.
"Yaredi," nikamnong'oneza.

"Yaredi huyoo!"

Nikatoka nikisonya, kama wakubwa.