Karani wa Theluji

Mimi ndiye karani wa theluji.
Kila Ijumaa, ofisi ya ustawi ikinuka mafuta ya taa,
najumlisha mapaa yaliyokwanguliwa,
majina yaliyotiwa vema, saa za makoleo.
Msimu huu: mapaa mia nne na kumi na mawili.
Lengo lilikuwa mia nne.
Mkurugenzi Hatakeyama akagonga meza yangu kwa furaha,
akaagiza keki za maharagwe kwa idara nzima.
Nami nilikula. Zilikuwa tamu.

Paa la mia tatu na tisa lilikuwa la Bwana Genzo Narita,
mtaa wa juu, nyuma ya kiwanda cha mbao kilichofungwa.
Vijana wa kandarasi walifika mapema,
wakapanda, wakakwangua, wakashuka,
wakaacha kikaratasi chini ya jiwe: HUDUMA IMEKAMILIKA.
Na kweli, paa lilikuwa safi kama sahani ya mgeni.
Chini yake mzee alikuwa na siku kumi na moja
hajatamka neno kwa mtu.
Jedwali langu halina safu ya hilo.

Nilijua kwa bahati tu. Nilipeleka fomu
iliyokosa muhuri. Akafungua mlango, akafungua kinywa,
sauti isije. Akakohoa, akaitafuta kooni
kama mtu apapasaye ufunguo
katika koti la mwaka jana.
"Umehudumiwa?" nikauliza, kalamu mkononi.
"Ndiyo," akasema hatimaye. "Wamelihudumia paa."

Nikaandika: Ndiyo.

Usiku ule nikatoa daftari lisilo na nembo ya manispaa.
Sikujua nipime nini. Nikaanza na viatu,
maana huku kwetu viatu huvuliwa mlangoni,
na kiatu hakijui kumwogopa karani.
Kwa Narita, jozi moja.
Kwa Bi Sugawara, jozi tatu, moja ya mtoto,
theluji bado yayeyuka kwenye kamba zake.
Kwa dada wawili wa karibu na daraja, jozi mbili
zilizopeana visigino: hawasemezani tangu vuli.
Nikarudi kwangu, nikawasha taa ya ukumbini.
Sikuandika nilichokiona.

Februari nikawaomba wale vijana:
mkishuka paani, ingieni, kaeni muda wa kikombe kimoja.
Mapaa tisa kwa siku yakawa sita.
Kwenye kikao, Hatakeyama akafungua daftari langu
kwa ncha ya kidole, kama samaki wa juzi.
"Huu ustawi wako," akasema, "tuupime kwa kibaba au kwa pishi?
Na paa likimwangukia mtu tukiwa tunanywa chai?"

Sikuwa na jibu. Sina hata leo.
Baba yake alifia chini ya paa, mwaka wa theluji kubwa;
idara nzima yajua, hakuna anayelitaja.
Tukanyamaza wote, jiko likipumua.
Kisha akachukua rula, akachora mwishoni mwa jedwali
safu nyembamba, upana wa vidole viwili,
akaiandika juu: Mengineyo.
Hakunitazama.

Ndani yake naandika kwa herufi ndogo.
Narita, Alhamisi, jozi nne. Vijana wanafundishwa
kuning'iniza figili juu ya moshi wa mcheri.
Mmoja ameunguza kamba; mzee amemtukana
kwa sauti nzima, iliyojaa, isiyotafutwa.
Hiyo nayo nimeihesabu. Sijui ni kitu kimoja au vingapi.

Jana nilipita kuchukua sahihi.
Harufu ya moshi ilikuwa hadi barabarani.
Nikasimama kizingitini na fomu yangu,
nikauliza swali langu la kila msimu.
Mzee akaitazama fomu, akanitazama mimi,
kola yangu, vidole vyangu vyekundu vya baridi.
"Na wewe je," akasema, "umehudumiwa?"

Nikavua viatu.