Orodha Nyeusi

Ruwi, saa nne asubuhi, joto la Agosti,
kiyoyozi kinakohoa kama mtu mwenye jambo la kusema.
Namtumia Bwana Muhanna tafsiri yake:
kurasa kumi na mbili, hati za marehemu mama yake,
Kiswahili cha Pemba kuingia Kiarabu cha mahakama.
Chai haijapoa, barua imerudi.

Si yeye aliyeikataa. Ni bawabu
nisiyemjua, wa mji nisioujua,
kanijibu kwa tarakimu, tano tano nne:
"Anwani yako haiaminiki."

Haiaminiki!
Miaka kumi na tisa nimo jengo hili,
duka la chini wananikopesha mkate bila kuandika.

Nampigia Thuwaiba, fundi wetu wa Al Khuwair.
Anacheka kwanza. Kisha:
"Seva mmepanga, hamkununua.
Mpangaji mwenzenu kauza vidonge vya uongo usiku kucha,
barua elfu arobaini. Mlango wenu ni mmoja,
nao wameandika namba ya mlango."

Ipo fomu ya kuomba kufutwa.
Jina, nchi, namba. Nikajaza.
Swali la sita: "Eleza kosa lako, na ulivyolirekebisha."
Nikakaa na swali la sita mpaka adhana ya adhuhuri.
Asiyeiba hutubu kwa maneno gani?
Nikaandika "jirani". Nikafuta.
Nikaandika "samahani". Hilo likapokewa.
Subiri siku saba, wakasema.

Bwana Muhanna yuko ghorofa ya tano. Mimi niko ya pili.
Nikachapa kurasa zote, lifti mbovu, nikapanda,
jasho likanitangulia kumsalimu.
"Ah! Si ungetuma tu?"
Akalipa taslimu, akanisukumia kisahani cha halwa.

Vidole bado vinanata, nikakumbuka kasha langu mwenyewe,
lile la barua taka, sijalifungua tangu Rajabu.
Bahati nasibu. Mkopo usio dhamana. Mjane mwenye dhahabu.
Na katikati yao, kimya, Ghaniya,
binti ami yangu wa Ibra:
"Tunamwoza Rayya, Ijumaa ya mwanzo wa Shaabani.
Hii ni mara ya tatu nakuandikia.
Kama una kinyongo nasi, sema."

Leo ni Mfunguo Tano.
Nimebonyeza kujibu. Ukurasa mweupe,
kijistari kinapepesa.
Swali la sita.