Kidole cha Feswali

Mwenye kibanda alipopandisha wali maharage
kutoka sabini hadi mia na ishirini,
nilipiga hesabu nikiwa juu ya lori, Changamwe:
mara mbili kwa siku, mara thelathini.
Jioni nikapitia Kongowea
nikanunua sufuria, mwiko, mafuta ya kupima,
nikidhani sufuria hupika yenyewe.

Chumba changu Mtopanga ni ukuta kwa ukuta na kina Feswali.
Ana miaka kumi. Mamake hufua nguo za watu Nyali hadi usiku,
na nduguze wawili hawajui kungoja.
Harufu aliisikia kabla yangu.
"Ami, kitunguu kinaungua!
Kiwe rangi ya mkate, si rangi ya lami."

Akasimama mlangoni, mwiko wake mkononi.
"Mchele huchaguliwa. Hilo ni jiwe.
Osha mara mbili. Ya tatu ni kuringa,
maji twanunua kwa mtungi.
Kisha maji yapande pingili moja juu ya mchele.
Tia kidole, upime."

Nikatia.
Wali ukatoka bokoboko,
bokoboko lisilo nyama wala harusi.
Siku ya pili, vile vile.
Siku ya tatu akaushika mkono wangu, akaugeuza,
akautazama kama fundi aliyeletewa spana isiyoingia.
"Kumbe! Mimi nilisema kidole changu."

Akakilaza chake kando ya changu hiki cha utingo,
kilichonenepa kwa kamba na turubai,
akachukua biro ya shule, akanichora mstari
chini kidogo ya ukucha.
"Hapa. Usipite hapa."

Mengine yalikuja polepole.
Kwenda sokoni wakati wanafunga magunia,
nyanya zilizobonyea ziwe fungu kubwa.
Mbaazi kulala majini, ili mafuta ya taa yasilale njaa.
Nazi moja, kamua mara mbili:
tui la pili ndilo la kuchemshia,
la kwanza huingia mwisho,
na likishaingia usiende kokote, koroga, lisikatike.
"Kwa nini la kwanza liwe la mwisho?"
"Sijui, ami. Ndivyo."

Wasema mgaagaa na upwa hali wali mkavu.
Mimi nagaagaa na makontena.
Mkavu nimeula, na mbichi, na uliolowa;
jana ulichambuka, punje kwa punje,
nikasimama kuutazama hadi ukapoa.

Leo Jefwa, msimamizi, ameuona mstari wa biro.
"Uchaguzi ulishapita, wewe umepigia kura wapi?"
"Ni maji ya wali," nikamwambia.
Akacheka hadi akakaa juu ya tairi.
Saa saba nikafungua kopo langu,
mbaazi zikatoa mvuke wa nazi,
na kicheko kikamwisha.
"Hakuna ukoko humo?"
Ukoko upo, nikasema, lakini nimeuacha nyumbani.
Ndiyo karo ya Feswali.