Maneno Matatu Mlangoni

Umeme ukikatika, Shangazi Katungu hutoa chaki mfukoni,
kipande alichokibeba kutoka darasa lake la nne, Majengo,
akaandika maneno matatu kwenye mlango wa bati.
Tafuteni neno moja, husema, linaloyashika yote.
Atakayelipata, ukoko wa sufuria ni wake.

Mkono. Msiba. Chumba.

Mimi nilifikiria kufunga: mkono hufungwa, chumba hufungwa,
lakini msiba nani amewahi kuufunga?
Muhindo akasema giza, kwa kuwa tulikuwa gizani.
Mbusa, anayefanya kila kitu kwa mkono wa kushoto,
ndiye aliyeruka: Kulia!
Mkono wa kulia, kulia msibani, chumba cha kulia.
Chumba cha kulia hatuna, nikasema,
tunakula hapahapa kitandani.
Hakuna aliyenijibu. Ukoko ulishaingia kinywani.

Kesho yake: Bei. Sauti. Ghorofa.
Rahisi mno. Juu, tukajibu pamoja.
Shangazi akaongeza la nne chini yake: Sababu.
Kimya.
"Kule Birere mtu akikusukuma, unamuulizaje?"
Juu ya nini! tukapiga kelele. Juu ya nini!
Basi, akasema, kwetu hapa
hata sababu tumeiweka juu, mkono usifike.

Kuna usiku tulibishana mpaka koroboi ikafa.
Foleni. Miaka ijayo. Vita.
Mbele, alisema Muhindo: walio mbele kwenye foleni ya maji,
miaka iliyo mbele,
na mbele ya vita, kama anavyosema babu akimaanisha kabla:
mbele ya vita tulikuwa na kahawa, Lubero.
Nikauliza, neno gani hili linaloelekea pande mbili
kama mtu wa pikipiki aliyesahau abiria anashukia wapi?
Shangazi aliufuta mlango kwa kiwiko.
Hakusema nani ameshinda.

Sasa ujue nyumba yetu ilivyo.
Unaingilia palipokuwa dirisha.
Baraza letu lilikuwa roshani; babu alianikia mashati ya wateja.
Mwaka wa moto, mlima ulishuka mjini bila haraka,
ukafuata barabara kama mtu anayejua anakokwenda,
ukajaza duka hadi dari, ukapoa humo humo.
Ghorofa ikawa chini.
Ngazi bado ipo: unashuka vipandio viwili,
cha tatu ni jiwe.
Mimi nilizaliwa nyuma ya hayo.

Juzi Mbusa aliomba chaki.
Ana miaka saba, mistari yake hupanda kilima.
Aliandika akifunika kwa bega, kisha akajitenga.

Cherehani. Kibao. Bosko.

Cherehani ya babu, ya kukanyaga.
Kibao cha duka, wanasema kilikuwa cha buluu.
Bosko, mbwa aliyekuwa amefungwa uani usiku ule;
sisi watoto tunamjua kwa jina tu.
Babu, ambaye hachezi kamwe, aligeuza kiti.

Chini, alisema Muhindo, na sauti yake pia ilikuwa chini.
Mbusa akatikisa kichwa.
Nyuma, nikajaribu. Akatikisa.
Mbali, akasema Shangazi,
na nilimwona akitamani kulirudisha neno mdomoni.

Mbusa akagonga sakafu kwa kisigino,
mara mbili, kama mgeni anayepiga hodi,
akasubiri kidogo.
Humu, akasema.

Ukoko wa usiku ule ulikuwa umeungua upande mmoja.
Babu alijikwangulia mwenyewe sufuria,
kijiko kikilia kwenye chuma,
akamwekea Mbusa kwenye mkono wa kushoto
ule upande mzuri.